Vitanda Viwili, Chumba Kimoja: Lugha ya Kazi katika Chapa za Mawe za Käthe Kollwitz, na Somo Lake kwa Kitengela na Kajiado

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna picha ya watu kazini inavyogeuka kuwa kauli juu ya jamii, na hasa nafasi ya lugha katika mageuzi hayo. Kielelezo chetu ni chapa tatu za mawe zilizotengenezwa na msanii wa Kijerumani, Käthe Kollwitz, kati ya mwaka 1893 na 1897, ambazo ni sehemu ya mfululizo wa picha sita juu ya maasi ya wafumaji. Mahali tunapotaka kuzisomea chapa hizo ni Kitengela na Kajiado, kusini ya Nairobi, ambako maelfu ya watu huishi kwa ujira wa viwanda vya nguo, vya saruji na machimbo ya mawe.

Pengine msomaji atauliza: Mjerumani wa karne ya kumi na tisa ana nini na Kitengela? Jibu letu ni la aina mbili. Kwanza, habari ya wafumaji wale ni habari ya nguo, na nguo ndiyo iliyowaleta Kitengela wengi wa wakazi wake wa leo. Pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wana lugha, picha hizo zimepewa majina, na majina hayo yanapoingia katika Kiswahili hutulazimisha kuchagua. Tutaonyesha kwamba uchaguzi huo si wa mfasiri peke yake. Ni uchaguzi wa upande katika ugomvi wa mwenye kazi na mfanya kazi.

2. Chapa ya mawe

Litografu, ambayo hapa tutaiita chapa ya mawe, ni picha inayopigwa chapa kutoka katika jiwe. Ufundi huo ulibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria katika miaka ya 1796 hadi 1798. Msingi wake ni jambo ambalo kila mpishi analijua, kwamba mafuta na maji havichanganyiki. Mchoraji huchora kwa kalamu au wino wenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Kisha jiwe huloweshwa maji. Wino wa chapa, ambao nao una mafuta, hushika penye mchoro na kukataa penye maji. Karatasi ikigandamizwa juu yake huchukua picha.

Tofauti yake na nakshi ya mbao au ya shaba ni kwamba hapa hapachongwi kitu. Mkono huenda juu ya jiwe kama unavyokwenda juu ya karatasi, na nakala nyingi hutoka kwa gharama ndogo. Kwa sababu hiyo watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliifahamu kazi ya jiwe bila ya kuijua kama sanaa ya picha, kwani vitabu vingi vya dini vilivyowafikia kutoka Bombay vilipigwa chapa kwa njia hiyo, mwandiko wa khati ukihifadhiwa kama ulivyotoka mkononi mwa mwandishi.

Kwa sababu hiyo pia ufundi huu uliwafaa waliotaka kusema na umma. Honoré Daumier wa Ufaransa alifungwa mwaka 1832 kwa chapa ya mawe iliyomwonyesha mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza kodi za raia. Mwaka 1834 alichora wakazi wa nyumba moja ya mtaa wa Transnonain, mjini Paris, waliouawa na askari chumbani mwao. Serikali ikazisaka nakala za picha hiyo ili iziharibu. Katika Septemba 1835 sheria mpya ilirejesha udhibiti wa picha kabla ya kutolewa. Serikali haikuogopa jiwe. Iliogopa wingi wa karatasi.

3. Kutoka lahaja hadi picha

Mwezi wa Juni 1844, wafumaji wa vijiji vya Peterswaldau na Langenbielau katika Silesia waliinuka dhidi ya wafanyabiashara waliokuwa wakinunua nguo zao kwa bei ya kuwaua njaa. Wengi wao walifuma majumbani, familia nzima ikihudumia chombo kimoja. Jeshi la Prussia liliwapiga risasi, na watu 11 wakafa.

Karibu nusu karne baadaye Gerhart Hauptmann aliyatungia tamthilia mambo hayo. Aliiandika kwanza kwa lahaja ya Silesia, kwa jina la "De Waber", na baadaye akaitoa kwa lugha iliyokaribia Kijerumani sanifu. Polisi wa Berlin waliikataza mwaka 1892 isionyeshwe hadharani. Ilionyeshwa faraghani mbele ya wanachama wa chama cha maonyesho tarehe 26 Februari 1893, na katika hadhira hiyo alikuwamo Käthe Kollwitz, mwanamke wa miaka 25, mke wa daktari aliyewatibu wafanyakazi wa Berlin. Aliacha kazi aliyokuwa ameishika akaanza mfululizo wake wa wafumaji.

Msomaji wa Kenya hana budi kukumbuka kisa cha nyumbani. "Ngaahika Ndeenda", ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliigizwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 kwa lugha ya wakulima na wafanyakazi walioiigiza wenyewe. Kibali chake kiliondolewa tarehe 16 Novemba mwaka huo, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Katika visa vyote viwili maudhui yalikuwa makali, lakini yangeweza kuvumiliwa katika kitabu cha wasomi. Lililotia hofu ni kwamba yalisemwa kwa lugha ya wale waliosemwa.

Basi Kollwitz alipoitoa habari hiyo katika tamthilia na kuiweka katika picha, alipoteza nini? Alipoteza lahaja. Mfumaji wa picha hana matamshi. Hasemi Kisilesia wala Kijerumani sanifu. Hasara hiyo hiyo ndiyo iliyoipa picha uwezo wa kusafiri, kwa kuwa aliyepo Kitengela anaweza kuiingia bila ya mkalimani hadi atakapofika kwenye jina lake.

4. Vitanda viwili

Chapa ya kwanza ni ndogo, karibu sentimita 15 kila upande. Inaonyesha chumba cha chini na chenye giza. Mbele, penye mwanga hafifu, mtoto mgonjwa amelala. Mama amemwinamia, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nyuma, karibu na dirisha dogo, mtu mzima mwingine amempakata mtoto. Nafasi iliyobaki imejazwa na chombo cha kufumia, kwa boriti na nyuzi zake.

Picha hii huitwa picha ya kazi, lakini hakuna afanyaye kazi ndani yake. Chombo kimesimama. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya kuonyesha kazi na kuhakiki kazi. Picha ya kuonyesha kazi humweka mfanyakazi katikati na chombo mkononi mwake, ili tustaajabie ustadi au nguvu zake. Kollwitz amekipa chombo chumba, na watu wamepata pembe zilizobaki. Tajiri hayumo pichani, walakini chombo kimeshika mahali pake.

Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo ambalo lugha ya msanii mwenyewe haikulitamka. Chombo cha kufumia kwa Kiswahili ni kitanda cha mfumi. Kitanda cha kulalia na kitanda cha mfumi vyote vina asili katika kitenzi kutanda, kwa kuwa vyote ni fremu ya miti iliyotandwa kamba au nyuzi. Nyuzi za urefu huitwa mtande, na zile zinazopita kati yake huitwa mshindio. Msamiati huu ni urithi wa ufundi wa kale, maana pwani ilikuwa na wafumaji wake: Ibn Battuta aliyefika Mogadishu mwaka 1331 alizitaja nguo zilizofumwa hapo na kupelekwa hadi Misri.

Kwa msemaji wa Kiswahili, basi, chumba cha Kollwitz kina vitanda viwili. Kimoja amelala mtoto, kingine imelala nguo. Kitanda cha nguo ni kikubwa kuliko cha mtoto, nacho kimewekwa mahali palipo salama zaidi. Hatudai kwamba msanii alikusudia mchezo huu wa maneno, kwani hakuijua lugha yetu. Tunadai kwamba lugha ya mtazamaji ni sehemu ya usomaji, na kwamba katika lugha yetu picha hii inasema jambo kwa ufupi ambao mhakiki wa Kijerumani angehitaji aya nzima kulieleza.

Chapa ya pili inaonyesha mauti yakiingia chumbani, mkono wa mifupa ukimgusa mama penye mwanga wa mshumaa. Ya tatu inaonyesha wanaume wanne wamezunguka meza gizani. Picha tatu zinazofuata si za jiwe. Zimechorwa katika bamba la chuma kwa asidi. Zinaonyesha wafumaji wakiandamana, mwanamke mmoja akiwa na mtoto mgongoni; kisha wakilishambulia lango la tajiri, wanawake wakiokota mawe ya barabarani; na mwisho maiti zikiletwa nyumbani. Katika picha hiyo ya mwisho kitanda cha mfumi kimerudi. Maiti zimelazwa chini, sakafuni.

5. Majina ya picha

Chapa ya kwanza inaitwa kwa Kijerumani "Not". Neno hilo lina maana ya haja inayobana, ya hali isiyoacha nafasi ya kuchagua. Je, tuiite Umaskini? Umaskini ni hali ya mtu, na mara nyingi huzungumzwa kana kwamba mtu amezaliwa nao. Tuiite Ufukara? Huo ni umaskini uliozidi, lakini bado ni sifa ya mwenye nao. Shida ni neno pana mno, hata la kukosa usafiri. Sisi tunapendekeza Dhiki, kwa sababu neno hili limebeba maana ya kubanwa. Dhiki yahitaji kitu kinachodhiki, kama vile kitenzi kudhikisha kinavyohitaji mtenda. Ukiliandika neno hilo chini ya picha, jicho la mtazamaji litatafuta ni nini kinachobana, nalo litakikuta kitanda cha mfumi.

Chapa ya tatu ni mfano mkali zaidi. Jina lake, "Beratung", maana yake ni kushauriana tu. Hata hivyo, katika Kiingereza imezoeleka kuitwa kwa neno lenye maana ya kula njama. Wanaume ni wale wale wanne, meza ni ile ile, giza ni lile lile. Lakini kwa jina la kwanza tunawaona watu wazima wanaotafuta njia, na kwa jina la pili tunawaona wahalifu.

Kiswahili kina maneno yote mawili, shauri na njama, na historia yake inafundisha. Shauri ni neno la heshima. Wazee hukaa shauri, na asiye na mshauri huhurumiwa. Njama katika Kiswahili cha leo huliwa, kama kinavyoliwa kiapo, na anayekula njama ana nia mbaya. Lakini katika Kigikuyu njama ni baraza, na halina lawama. Neno moja katika lugha mbili jirani linakaa upande wa sheria na upande wa uhalifu. Si jambo la kushangaza: mkutano wa wanyonge huitwa shauri na waliomo, na njama na walio nje. Ndiyo sababu tunasema kwamba anayeiita chapa hiyo kwa Kiswahili lazima kwanza ajue amesimama wapi chumbani. Sisi tunaiita Shauri.

6. Mfanyakazi na karatasi yake

Msamiati wetu wa kazi una sifa nyingine inayoigusa chapa ya mawe kwa karibu. Maneno mawili makubwa ya kazi ya ujira katika Afrika ya Mashariki yametokana na karatasi. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa; huko Unguja watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa kazi ya siku waliitwa vibarua. Cheti kikampa mtu jina lake. Kipande nacho, kabla ya kuwa alama ya ukoloni, kilikuwa sehemu tu ya kitu. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima nchini Kenya alitakiwa kuwa na cheti chenye alama za vidole na habari za kazi na mshahara wake. Alikitia katika kikopo cha bati na kukivaa shingoni.

Tuzilinganishe karatasi hizo na noti za kwanza za Benki Kuu ya Kenya, zilizotolewa mwaka 1966. Nyuma ya noti ya shilingi 5 mwanamke anachuma kahawa. Nyuma ya noti ya shilingi 10 wachumaji wapo katika shamba la majani ya chai. Hizi nazo ni picha za kazi, zilizopigwa chapa kwa wingi kuliko picha yoyote ya msanii. Hata hivyo si hakiki ya jamii. Wachumaji hawana chumba, hawana mwajiri, hawana jioni. Neno linaloandamana na picha zao ni thamani ya noti. Hapo tunaona kwamba wingi wa nakala peke yake hautoshi. Picha ya kazi huwa hakiki pale inapoonyesha uhusiano wa mfanyakazi na kile kinachombana, na pale jina lake linaporuhusu uhusiano huo uonekane.

Zipo pia karatasi za upande wa pili. Mgomo, neno lililotokana na kugoma, la punda aliyekataa kwenda, lilipata heshima yake mpya katika mambo kama mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947. Jina la mnyama mkaidi likawa jina la tendo la watu walioshauriana.

7. Kitengela na Kajiado

Sasa tuingie mahali petu. Kitengela ilikuwa nchi ya malisho ya Wamaasai. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1980, na uuzaji wa viwanja ukafuata. Mwaka 1990 sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje ilipitishwa, na eneo kubwa la namna hiyo likajengwa Athi River, jirani kabisa na Kitengela. Baada ya Marekani kupitisha mwaka 2000 sheria ya kuzipunguzia ushuru bidhaa za Afrika, viwanda vya nguo viliongezeka, na wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapanga vyumba Kitengela. Mnamo Januari 2003, majuma machache baada ya uchaguzi ulioleta serikali mpya, maelfu yao waligoma.

Mshona nguo wa Athi River si mfumaji wa Silesia. Huyu wa Silesia alifuma nyumbani, naye wa Athi River huiacha cherehani kiwandani. Yeye hashoni hata nguo nzima. Mmoja hushona kola, mwingine mkono, na shati hukamilika likiwa limepita kwa watu wengi ambao hakuna kati yao anayeweza kusema kwamba amelishona. Hapa kitanda cha mfumi kimetoka chumbani. Lakini chumba cha kupanga, chenye kitanda kimoja, jiko na ndoo pembeni, bado hupimwa kwa kazi: kodi yake, saa ya kuamka na idadi ya watu wanaolala humo vyote huamuliwa upande wa pili wa barabara.

Kusini zaidi, Kajiado, jiwe la chokaa huchimbwa kwa ajili ya saruji na chokaa. Jiwe hilo ni ndugu wa jiwe la Senefelder, ingawa halikusudiwi kuchorewa. Nako huko Kajiado tunakuta picha ya kazi iliyo maarufu kuliko zote, nayo haitambuliwi kuwa ya kazi: mchungaji wa Kimaasai, amesimama na fimbo yake katika kadi za posta. Watalii huiita utamaduni. Lugha yetu imeshiriki kosa hilo, maana twasema fulani anachunga, kisha twauliza kama ana kazi. Mtu anayetembea kutwa nzima kutafuta maji katika ukame anahesabiwa kuwa sehemu ya mandhari, hadi siku atakapouza kiwanja na kuajiriwa kulinda lango la mwingine. Siku hiyo ndipo husemwa amepata kazi.

8. Hitimisho

Mwaka 1898 picha za Kollwitz zilionyeshwa Berlin, na kamati ikapendekeza apewe medali ya dhahabu. Mfalme Wilhelm II alikataa. Hatua hiyo inathibitisha kwamba picha zilisomwa vizuri, angalau na yule aliyekuwa na sababu ya kutozipenda.

Kutokana na tuliyoyaeleza tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wenzetu. La kwanza ni kwamba picha iingizwe katika somo la uhakiki, si kama pambo la jalada, bali kama matini yenye fani na maudhui, na mwanafunzi atakiwe kuipa jina kwa Kiswahili na kulitetea jina hilo. Mwanafunzi atakayebishana na mwenzake kama wanaume wanne mezani wanakaa shauri au wanakula njama atakuwa amejifunza semantiki na siasa kwa saa moja. La pili ni kwamba msamiati wa kazi ukusanywe mahali unapozaliwa, katika mistari ya cherehani, katika machimbo na katika malisho, kabla haujapotea kama ulivyokaribia kupotea msamiati wa mtande na mshindio. Kamusi inayoeleza kibarua bila ya kuitaja barua imemficha mtu nyuma ya karatasi yake.

Kitengela haijakosa wachoraji, wala haijakosa dhiki ya kuchorwa. Itakapochorwa, swali litakalotuangukia sisi wa idara za lugha litakuwa moja: tutaandika neno gani chini ya picha?